Besi Iliyokataa Kupanda

Watu wa Musoma waliocheza dansi enzi za Rukuba Jazz wanamkumbuka Nassibu kuwa mpiga besi asiyependa mbwembwe. Alisimama nyuma, karibu na ngoma, vidole vyake vikizunguka chini tu kwenye shingo ya gitaa. Wengi waliona ule ni ustaarabu wake. Ukweli ni kwamba besi yake ilikuwa inasema uongo ikipandishwa, na hilo alilijua yeye na mtu mwingine mmoja: Nyangi, mwimbaji wao, binti wa Mzee Bernado wa Butiama.

Ilianza miaka ile ya dhiki, sabuni kwa foleni na sukari kwa kibali. Nyuzi za besi hazikuwa kitu cha kwenda kuombea kibali ofisini kwa mtu. Uzi mnene ulipokatika, Nassibu alifunga waya wa breki ya pikipiki, na ule waya ukaivuta shingo ya gitaa hadi ikapinda. Ukipiga uzi wazi, unapatana na wenzako. Ukibana hapa chini, bado mnaelewana. Lakini kadiri vidole vinavyopanda kuelekea tumboni mwa gitaa, ndivyo sauti inavyozidi kuwa kali kuliko inavyotakiwa. Kidogo tu, kiasi ambacho mlevi hawezi kujua, lakini mwimbaji anakosa pa kukanyaga.

"Nassibu," Nyangi alikuwa akimwambia mazoezini huku anacheka, "ukipandaga huko juu unaniacha barabarani peke yangu."

Kwa hiyo akaacha kupanda. Alibaki chini, Nyangi akaimba juu yake, na kati yao kukawa na nafasi ambayo wote wawili waliisikia.

Walipendana, na halikuwa jambo la kificho. Mzee Bernado, katekista wa kigango na mfugaji, alisema binti yake haolewi na mtu wa msikitini. Mama yake Nassibu, kule Kamunyonge, alisema maneno ya namna hiyo hiyo kwa upande wake. Nyangi alimngoja Nassibu aseme neno. Nassibu aliwangoja wazee walainike. Katika kungojana huko akaja shangazi yake Nyangi kutoka Kisumu, na aliporudi alirudi naye. Mwaka uliofuata ikasikika kwamba ameolewa huko huko.

Bendi nayo haikudumu. Kiwanda kilichoimiliki kilisimama, spika zikapasuka moja baada ya nyingine, wapigaji wakatawanyika. Nassibu alifungua kibanda cha kutengeneza redio mtaani Mwisenge. Alioa, na baada ya muda mke wake akaondoka kwa amani, bila ugomvi, akisema kuishi naye ni kuishi na mtu anayesikiliza kitu kilichoko chumba cha pili.

Ukaja mwaka wa tisini na moja, siku za ruksa. Maduka yalijaa vitu ambavyo watu walikuwa wamesahau majina yake. Hamduni, aliyekuwa kiongozi wa bendi, alipata hoteli moja mpya pale Musoma iliyotaka muziki wa dansi, akawakusanya wale waliobaki, akaleta nyuzi mpya za besi kutoka Nairobi.

"Onyesho la kwanza Jumamosi alasiri," alimwambia Nassibu. "Lifufue hilo gitaa lako."

Nassibu aling'oa waya wa breki. Aliinyoosha shingo polepole, kwa bisibisi na subira, mpaka ikalala sawa. Akavaa nyuzi mpya. Ikabaki kazi moja ambayo hakuwahi kuifanya sawasawa: kuifanya besi iseme kweli kutoka chini hadi juu. Kila uzi unaupiga mara mbili kwenye freti ya kumi na mbili, mojawapo ya vile vyuma vyembamba vinavyoikata shingo. Kwanza unaugusa tu kwa ncha ya kidole bila kuubana, unatoa sauti nyembamba kama kengele. Kisha unaubana. Sauti hizo mbili zinatakiwa ziwe moja. Ikiwa ile ya kubana ni kali zaidi, uzi ni mfupi. Unazungusha skrubu iliyoko darajani, pale nyuzi zinapofungiwa tumboni mwa gitaa, unaurefusha kiasi cha unywele mmoja, halafu unarudia.

Alijaribu kwa sikio akashindwa. Kila alipobana freti ile, sikio lilimletea sauti ya Nyangi, na sauti ya Nyangi ilikuwa imezoea kulivumilia gitaa bovu. Akawa analipima gitaa zima kwa uvumilivu wa zamani. Siku mbili akafungua na kufunga skrubu, na mwisho akakubali kwamba anahitaji tyuna, kifaa cha kupimia sauti kisichomkumbuka mtu.

Alilibeba gitaa mgongoni, akapanda basi la Bunda. Pale karibu na stendi kulikuwa na duka la Mwanaupe, mwanamke mchangamfu aliyekuwa akivusha bidhaa kutoka mpakani Sirari, na katika enzi za dansi alikuwa hakosi kiti cha mbele. Aliweka juu ya meza vitu viwili, kila kimoja ukubwa wa kisanduku cha sabuni. Kimoja kilikuwa na taa tatu ndogo, nyekundu mbili na ya kijani katikati. Kingine kilikuwa na kioo, na nyuma ya kioo sindano nyembamba.

"Hiki cha taa ndicho kinachotoka," alisema Mwanaupe. "Kijani ikiwaka, umefika. Hiki cha sindano wanakiogopa. Kinahangaisha."

"Kipi kinasema kweli, dada?"

"Mimi nauza, sipigi."

Nassibu alichomeka waya wa gitaa kwenye kimoja, akachomeka kwenye kingine. Cha taa kiliwaka kijani karibu kila mahali, kwa ukarimu ulioanza kumtia shaka. Cha sindano, kwenye uzi mnene, kilitetemeka kama mgonjwa wa homa. Alirudia mpaka wateja wakaanza kumzunguka.

"Kwani huna mtu mwenye masikio akupimie?" Mwanaupe aliuliza.

"Aliyekuwa nayo yuko Kisumu."

Mwanaupe alimtazama kwa mshangao. "Yuko Butiama. Mzee Bernado amefariki, hukusikia? Nyangi amekuja kumlilia baba yake. Jumapili anarudi."

Nassibu alianza kuukunja waya wa gitaa, akaukunja vibaya, akaukunjua. Mwanaupe akavichukua vile vifaa viwili, akavifunga kwenye gazeti, akamwekea mkononi.

"Nenda ukachague. Kimoja utanirudishia."

Alipata lori la pamba hadi Makutano, na kutoka pale akapewa lifti na watu wa misheni. Njia nzima alipanga maneno. Alipanga atakavyoanza na pole ya msiba, atakavyoingia taratibu katika habari za zamani, mahali atakaponyamaza. Alipofika kwenye boma la marehemu, katikati ya mawe makubwa, Nyangi alikuwa amejifunga kitenge kiunoni, anageuza muhogo uliokuwa unakauka juu ya jiwe. Aliinua kichwa.

"Nassibu wa besi," alisema, kana kwamba walikuwa wameachana asubuhi.

"Nyangi. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Umekonda."

"Wewe umenenepa."

"Kisumu tunakula."

Wakacheka. Kisha yale maneno yote ya kwenye lori yakamkimbia. Kilichotoka kinywani mwake kilikuwa hiki:

"Nimetoka Bunda na tyuna mbili. Sijui nichukue ipi."

Nyangi alimkazia macho kwa muda. "Umetoka Bunda mpaka huku kwa ajili ya tyuna?"

"Ndiyo."

Alikung'uta unga wa muhogo mikononi. "Haya, lete tuone."

Walikaa barazani. Nyumba haikuwa na umeme, wala Nassibu hakuwa amebeba spika, na besi isiyo na spika hunong'ona tu. Nyangi akasogeza kigoda, akaegemeza taya lake kwenye pembe ya gitaa, palepale mbao inapokutana na shingo, ili sauti impitie mfupani. Akafumba macho. Uso wake ulikuwa karibu sana na mkono wa Nassibu hivi kwamba alihisi pumzi yake kwenye vidole, na ilimbidi aanze upya mara mbili.

Walianza na cha taa. Sauti ya kengele: kijani. Sauti ya kubana: kijani.

"Zote kijani," alisema Nassibu.

"Zote?" Nyangi hakufumbua macho. "Hapana. Ya kubana imepanda. Piga tena."

Akapiga tena. Kijani. Nyangi akaomba aulegeze uzi kidogo makusudi. Bado ikawa kijani.

"Hiki kinaridhika upesi," alisema. "Kitakwambia umefika na wewe hata Makutano hujapita."

Wakachomeka cha sindano. Kengele: sindano ikasimama katikati. Kubana: ikaegemea kulia, upana wa uzi wa buibui. Nyangi akafumbua macho, akaona, akaitikia kwa kichwa.

"Lakini kwenye uzi mnene kinatetemeka," Nassibu alisema.

"Kwa sababu unaupiga kama mnagombana. Tumia nyama ya gumba. Halafu uache kwanza utulie, ndiyo usome. Mara ya kwanza uzi ukipigwa haujui unasema nini."

Alifanya hivyo. Sindano ikayumba, ikapungua, ikasimama. Alipiga mara ya pili, mara ya tatu, ikasimama palepale.

"Basi ndicho hicho," alisema Nyangi. "Sina shida kama sauti yake inalingana na kinanda cha kanisani au hailingani. Jambo kubwa kisibadilike. Kikisema hivi sasa, kiseme hivyo hivyo baadaye."

Kazi iliwachukua mchana wote uliobaki. Nassibu alizungusha skrubu, Nyangi akasikiliza, sindano ikatoa neno la mwisho. Mama yake Nyangi, Mama Ghati, aliwaletea ugali na sato wa kukaanga. Nassibu alimwamkia, naye akaitika, "Marahaba, mwanangu," akakaa mlangoni kuwatazama.

Uzi wa mwisho ulipokubali, Nassibu aliuchukua wimbo wao mmoja wa zamani, ule ulioanza chini na uliotakiwa kupanda katikati, ambao siku zote aliubakiza chini. Safari hii akapanda. Vidole vilipita freti ya tano, ya saba, vikafika pale ambapo havikuwahi kufika mbele ya Nyangi. Na Nyangi, taya lingali kwenye mbao, akafungua kinywa akaimba. Sauti ilikuwa imekuwa nzito kidogo, imejaa. Ilikanyaga kila mahali besi ilipokanyaga.

Katikati ya ubeti aliziba mdomo kwa kiganja. "Tuko kwenye matanga," alisema. "Sio vizuri."

Ndipo Mama Ghati alipozungumza kutoka mlangoni. "Imbeni tu. Aliyekuwaga anakataa tumeshamzika."

Hawakuendelea. Nyangi aliinuka, akaenda kuuanua muhogo, na Nassibu akamfuata akamsaidia kuukusanya kwenye ungo. Walifanya kazi bila kutazamana.

"Jumamosi tunafungua," alisema Nassibu. "Njoo uimbe. Wimbo mmoja tu."

"Hamna mwimbaji?"

"Yupo, anaitwa Selestina. Anaimba vizuri."

"Basi mwacheni aimbe."

"Nakutaka wewe."

Yalikuwa maneno ambayo hakuwahi kumwambia, hata zamani zile, na alipoyasikia yakitoka hakujua mwenyewe kama anazungumzia wimbo. Nyangi alikiweka chini kipande cha muhogo alichokuwa ameshika.

"Nina watoto watatu, Nassibu. Baba yao ni mtu mwema, hajawahi kuniinulia sauti. Nikisimama pale ukaanza kupanda, nitapanda nawe. Kisha nitashukaje?"

Mama Ghati alimfungashia Nassibu karanga, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na Nyangi akamsindikiza hadi barabarani. Gari lilipokuja alimwambia, "Usizidishe kuzungusha skrubu. Ikishakaa, iache."

Jumamosi hoteli ilijaa. Watu walikuja na viatu vya ruksa, vinang'aa, wakacheza kwa njaa ya miaka mingi. Ulipofika wimbo ule, Nassibu alisogea mbele hatua moja, akapanda. Hamduni aligeuka kumwangalia, macho yamemtoka. Selestina, ambaye hakuwa anaujua uongo wa zamani, aliimba tu, safi kabisa, bila kuhitaji kuvumilia chochote. Wachezaji walishangilia. Nassibu alipiga kila sauti mahali pake, na kila sauti ilivyokaa sawa ndivyo alivyoisikia zaidi ile isiyokuwapo.

Wiki ilipita kabla hajaenda Bunda kurudisha kile kifaa cha taa. Mwanaupe alikipokea, akakipangusa vumbi, akakirudisha rafuni. Kisha akajiegemeza kwenye meza.

"Sikutaka kukwambia akiwa bado yuko huku," alisema. "Jumamosi alikuja hotelini. Nilimpeleka mwenyewe na pikapu yangu. Hakukubali kuingia. Alisimama nje, upande wa jikoni, kwenye ukuta, na ule wimbo ulipoanza akaweka kiganja ukutani hivi, pale besi ilipokuwa inatetemesha, mpaka ukaisha."

Nassibu alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya gunia la sukari.

"Alisema nini?"

"Wimbo ulipoisha akaniuliza tu kama tunaweza kuondoka sasa hivi."

Mwanaupe alingoja aulize jingine. Alipoona haulizi, akaenda kumhudumia mama mmoja aliyetaka vitenge, akavifunua kimoja kimoja mezani, akimwacha Nassibu pale juu ya gunia kwa muda wote aliouhitaji.