Karanga za Koti la Devota

Mashine inayoshika kazi ya moyo wakati wa upasuaji haiwashwi ikiwa tupu. Mipira yake ya kupitishia damu hujazwa kwanza, na kilichojazwa huishia mwilini mwa mgonjwa. Kwa mtu mzima, maji ya dripu yanatosha. Mtoto mdogo maji hayo huizimua damu yake kama uji uliozidishwa maji, ikashindwa kubeba hewa. Huyo lazima mipira ijazwe damu.

Evelina, muuguzi aliyesomea mashine hiyo, alikuwa ameshachagua maji. Devota alikuwa na miaka minne na kilo kumi na nne. Hesabu ilikubali, na damu ilikuwa adimu. Ilikuwa Alhamisi. Madaktari wageni wangeondoka Dodoma Jumamosi.

Alipombeba mtoto kumpeleka chumba cha upasuaji, alishtuka.

"Mama Devota, mbona mwepesi hivi?"

Ruthu, mkulima wa Kibakwe, alitazama sakafu. "Nisamehe, sista. Mara mbili nimerudishwa nyumbani, naambiwa aongezeke uzito kwanza. Kwa ukame ule, ningemwongeza kwa chakula gani? Nikashona karanga ndani ya koti."

Lile koti kubwa la mtumba! Siku ya kupima uzito, upepo wa Juni ulikuwa mkali, mtoto anakohoa, na Evelina kwa huruma zake akasema abaki nalo. Huruma gani hiyo ya kuua? Alijichukia.

Mizani ikasema kilo kumi na moja na nusu. Evelina akamwaga maji yote, akaenda kukiri kosa kwa daktari mkuu, na la karanga hakulitaja. Daktari alifoka, kisha akasogeza upasuaji hadi Ijumaa, damu ikipatikana.

"Mtamrudisha tena?" Ruthu aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Harudi mtu. Nipe mkono wako."

Damu ya mama ikapimwa, ikaoana na ya mwanawe. Ijumaa asubuhi Evelina aliitazama ikijaa kwenye mipira taratibu, ikimtangulia Devota. Nje, Ruthu alikaa kwenye benchi akifumua nyuzi za koti.

"Kula hizo karanga, mama, urudishe nguvu," Evelina alimwambia alipotoka kumchukua mtoto.

"Hizi ni zake, sista. Siwezi kuzila kabla yake."

Saa nane mchana moyo wa Devota ulianza kudunda wenyewe, na Evelina akazima mashine. Alitoka, akaketi kando ya Ruthu, akachota karanga konzi moja, akamwekea kiganjani.

"Haya, mama. Sasa kula."