Kilima Kilichofuata Ramani

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, fundi mwashi aliyeitwa Timazi, kwa kuwa kuta zake hazikuwahi kuinama, alifika kazini na ndoo yake ya vyombo akakuta kilima kimesogea hatua kumi na nne kushoto. Alihesabu mara mbili. Nyumba ilishaezekwa, ulibaki uzio. Akang'oa vigingi vya uzio vya Jumamosi, akavipigilia upya na kufunga kamba. Kazi ni kazi.

"Ramani ilipigwa muhuri Ijumaa," msanifu wa nyumba alimweleza. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye buti nyeupe zisizoshika tope. "Nyumba hii inapatana na mazingira, fundi. Hatukati mti, hatuvunji mwamba. Tunachora tu, na mazingira yanajipanga."

"Huko ndiko kupatana?" aliuliza shemeji yake Timazi, mdogo wa marehemu mkewe, aliyekuwa akibeba maji ya kuchanganyia saruji. Msanifu alikunja ramani. Mbeba maji haonekani kwenye ramani.

Jumanne mti mkubwa uliokuwa ukiziba dirisha ulihamia nyuma ya jiko, umeikusanya mizizi yake kama mtu anayevuka dimbwi. Jumatano kijito kilijipitisha chini ya sebule, taratibu, maana msanifu aliandika pembeni: sauti ndogo. Choo cha jirani hakikuchorwa, kwa hiyo kiliondoka na jirani akiwa ndani. Walimkuta sokoni, bado kaushikilia mlango.

Alhamisi akaja mwenye nyumba. Gari lake lilipofika chini, kilima kilishusha bega, polepole, mpaka ikapatikana njia laini kutoka barabara kuu hadi barazani. Gari lilipanda bila kubadili gia.

Timazi aliweka mwiko chini. Kilima kuinama si kitu. Kilichomkaa kooni ni kwamba kumbe kinaweza.

Mwenye nyumba alikuwa Mkurugenzi wa Barabara. Miaka sita nyuma, watu wa upande wa juu wa kilima, Timazi akiwemo, walimwomba njia ya gari. Wakubwa hawatukani, wanaandika. Aliwajibu mistari miwili: mteremko ni mkali, haiwezekani. Timazi hakusoma sana, lakini hiyo "haiwezekani" aliisoma mwenyewe bila kusaidiwa. Mwaka uliofuata mkewe aliugua. Gari la wagonjwa lilisimama chini likipiga honi, nao wakamteremsha juu ya mlango walioung'oa chumbani kwake. Katikati ya mteremko akasema, "Nitueni kidogo, mnanitikisa." Wakamtua. Akafia hapo, na hapo hapo wakamzika. Aliomba kutuliwa, nani tena angembeba? Kaburi Timazi alilijenga kwa mikono yake na kulipima kwa pimamaji.

Sasa kaburi lilikuwa hatua tisa kutoka dirisha la sebule, na kwenye ramani halikuwepo.

"Mama, nichoree kaburi," Timazi alimwambia msanifu. "Kaboksi kadogo tu. Yule alishatuliwa. Asihamishwe tena."

"Kaburi linakatisha mandhari, fundi."

"Pole sana," Mkurugenzi alisema. "Ungelitaja mapema, kwenye maombi."

Walipokwenda kupima dari, Timazi alichora mwenyewe kwa penseli yake ya kazi. Kaboksi kalinyooka kuliko nyumba yote. Lakini Ijumaa asubuhi alikuta kaburi limeshaanza kuteremka, hatua mbili. Kilima hakikutambua mstari usio na muhuri.

Saa ya mapumziko alikaa juu ya kaburi, asikubali lisogee, akakigombeza kilima.

"Wewe! Kumbe unainama!"

"Nainama," kilima kilisema. Kilikuwa na sauti ya karani aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu.

"Mbona siku ile hukuinama?"

"Mzee, mimi natekeleza tu. Karatasi haikuja. Ingekuja saa nne, saa tano ningekuwa nimelala kifudifudi."

"Si ulimwona akipita?"

"Nilimwona. Nilikaza mawe ili wabebaji wasiteleze. Zaidi ya hapo si mamlaka yangu."

Shemeji alitua ndoo. "Hata kilima kina bosi. Tumekwisha, shemeji."

Msanifu, kwa kuwa hakuwa na roho mbaya, alirudi pamoja na Mkurugenzi, akiwa na wazo. Mahali pa kaburi alichora duara na kuandika: jiwe la asili, la kukalia. Mkurugenzi alitoa muhuri mfukoni na kuugonga pale pale, juu ya boneti ya gari. Ilichukua muda wa kupiga chafya.

Timazi aliutazama ule muhuri.

"Wino haujakauka, mheshimiwa. Gonga na njia ya watu wa juu."

Mkurugenzi aliufunika kifuniko. "Hilo, fundi, lina utaratibu wake."

Jumamosi kaburi lilikuwa jiwe zuri, la mviringo, lenye ukoga wa kijani upande unaostahili. Timazi aliliwekea pimamaji. Kiputo chake kilisimama katikati. Alasiri wageni walikuja kuiona nyumba wakiwa na glasi mkononi, wakasema jiwe lile limekaa kama limezaliwa hapo. Mkurugenzi akalikalia.

"Nani huyu mzito?" mkewe Timazi aliuliza kutoka ndani ya jiwe.

"Mkurugenzi."

"Mwambie anitulie. Ananitikisa."

Timazi alimwambia. Mkurugenzi aliomba radhi, akajisogeza kidogo, akaendelea kukaa.

Jua lilikuwa bado kali watu watatu walipoteremka kutoka juu wakiwa na mgonjwa juu ya mlango. Walipita nyuma ya ukuta mpya, maana njia laini ilikuwa ndani ya uzio na geti limefungwa. Upande wao kilima kilikuwa kikali vilevile. Pembe ya nne ya mlango ilikuwa ikining'inia, haina mtu.

Timazi alifuta mwiko, akautia kwenye ndoo, akaenda kuishika. Shemeji alitangulia mbele kuwaonyesha pa kukanyaga.

Walipofika katikati ya mteremko, kilima kilikaza mawe.