Herufi ya Mjerumani

Usiku wa jana niliota jiwe limekuja kunishtaki, limevaa viatu vya shule.

Jiwe lenyewe nalijua. Liko shambani kwa shemeji yangu Zefania, mdogo wa marehemu mume wangu, hapa hapa Kiranjeni, milimani Upare. Ubavuni lina alama: mistari mitatu iliyoshikana, na chini yake vitundu vitatu. Inasemekana ni alama ya Mjerumani aliyezika sanduku la mali wakati wa vita, akikimbizwa na Mwingereza. Kwa ajili ya alama hiyo Zefania amechimba miaka thelathini na moja. Ninyi mnaopita njia ya mnadani mashimo yake mnayajua. Mke wake aliondoka shimo lilipofika kwenye kahawa. Na Jumatatu, ambayo ndiyo leo, alipanga kuvunja ukuta wa nyumba yake, maana kamba yake ya kupimia kutoka kwenye jiwe safari hii imeishia chini ya kitanda anacholala.

Basi ndotoni ni mchana kweupe, na jiwe linabisha hodi. Nafungua.

"Shikamoo, Bibi Nakijwa."

"Marahaba. Karibu, ila mlango wangu mwembamba."

"Sikai. Unaitwa Ofisi ya Mambo ya Kale. Chukua kitenge."

Nikachukua kitenge. Nilipovuka kizingiti uwanja wangu haukuwepo. Palikuwa na darasa refu, na ubaoni pameandikwa yale ambayo wajukuu zangu huyakariri kwa kelele: VYANZO VYA HISTORIA NI MASIMULIZI YA MDOMO, MAANDISHI NA MABAKI YA KALE.

Kwenye meza ya mwalimu palikaa koti. Juu ya kola hapakuwa na kichwa, palikuwa na sauti tu.

"Naitwa Inasemekana," koti likasema. "Hadithi yoyote isiyo na mwenyewe, mwenyewe ni mimi. Wewe uko fungu gani kati ya hayo matatu?"

"Sijui, bwana."

Kola ikanigeukia, ikanipima juu mpaka chini. "Weka mabaki ya kale."

Jiwe likanifunga kikaratasi kwenye sikio. Kimeandikwa: *Bibi mmoja, mzima, nyufa chache.* Nikashukuru, maana nilidhani ningeandikwa vibaya zaidi.

"Nimechoka, Bibi," Inasemekana akasema. "Nataka kustaafu nikalime maharage. Lakini sheria hairuhusu mpaka nirudishe kila hadithi kwa aliyeisema kwanza. Zote nimesharudisha, imebaki hii ya kwenu. Leteni masimulizi ya mdomo!"

Ikaingia midomo. Watu hawakuja, ilikuja midomo tu, ikajipanga kwenye madawati. Niliitambua yote, ni midomo ya kijijini kwetu.

"Habari ya sanduku mlisikia kwa nani?"

Mdomo wa dawati la mbele ukasema, "Kwa huyu nyuma yangu." Na wa nyuma ukasema, "Kwa huyu nyuma yangu." Ikaendelea hivyo mpaka kwenye mdomo wa Zefania, wenye sharubu zake, uliosema, "Kwa mama." Na mdomo wa marehemu mama mkwe wangu, usio na meno mawili ya mbele, ukatafuna kidogo ndipo ukajibu.

"Mimi sikusema kitu. Mimi niliuliza tu mwenye elimu."

Nyuma yake lilikuwepo dawati moja la mwisho. Nikajishika usoni. Mdomo wangu haukuwepo. Ulishatangulia kule nyuma, umekaa, umefunga.

Hapa niwaeleze, wajukuu zangu, ingawa uso unaniwaka nikiandika. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Kwenye ukoo wa mume wangu mimi ndiye niliyekuwa nasoma barua, na nilipoitwa kusoma nilijifuta mikono taratibu ili wanisubiri. Siku Zefania alipofukua lile jiwe akilima matuta, mama mkwe aliniita mbele ya watu wote. "Nakijwa, wewe umesoma. Hii ni herufi gani?"

Nikatazama. Niliijua mara moja. Ni mimi niliyeichonga nikiwa na miaka tisa, nikichunga mbuzi wa baba hapo hapo kabla hapajalimwa, kwa msumari, wiki ile ile niliyofundishwa kuandika jina langu. Ni N. Ila niliigeuza, ule mstari wa katikati ukalala upande usio wake. Vile vitundu vitatu nilikuwa najaribu kama msumari una ncha.

Ningesema, wangecheka kidogo tukaenda kula. Lakini mimi ndiye msomi, nitasemaje sikujua kuandika N? Nikajibu, "Hii si herufi yetu. Hii ya watu wa nje."

Maneno tisa tu. Mjerumani waliongeza wenyewe kabla ya jioni.

Basi mdomo wangu uko kule dawatini, unaulizwa, haufunguki. Jiwe likaubembeleza, wapi.

"Haya," Inasemekana akasema, "tutumie njia wanayoipenda mabibi. Kitendawili!"

Mdomo wangu ukaruka kutoka dawatini, ukanirudia usoni, ukaitika: "Tega!" Ndivyo ulivyo tangu utoto, haujiwezi.

"Fimbo zangu tatu, mbili zimesimama, moja imelala vibaya. Aliyezilaza hupita kila siku na sahani, haziangalii."

Nilijua jibu kabla hajafunga kauli.

"Nimeshindwa," nikasema.

"Nipe mji."

Mnajua mchezo wetu: aliyeshindwa hutoa mji wowote kwa jina, ndipo anaambiwa jibu. Mimi nimetoa miji maisha yangu yote, hata ile nisiyoijua, na hakuna uliopungua. Nikatoa Bukoba, maana iko mbali na sina ndugu kule.

Tukawa tumesimama Bukoba. Watu wako sokoni wanauza senene. Wakaja wanaume wanne wenye ovaroli, wakaanza kuukunja mji kama mkeka, kuanzia upande wa ziwa. Mama muuza senene akaniuliza, "Bibi, kwani sisi tumekosa nini?"

"Hamjakosa, mwanangu. Ni kitendawili."

"Kigumu?"

"Hapana," nikasema, na nikatazama chini.

Bukoba ikafungwa kwa kamba, ikaegemezwa ukutani. Inasemekana akaandika kwenye daftari. "Mji nimepokea. Lakini jibu sina mimi, unalo wewe. Kitendawili!"

"Tega!" Huo mdomo.

Kikawa kile kile. Nikatoa Mbeya. Nikatoa Kigoma. Nikatoa Lindi, na Lindi walikuwa kwenye harusi. Bibi harusi alikunjwa na keki yake mkononi, ananitazama. Nikatoa Tanga. Hapo niliumia, kwa sababu binti yangu Namsifu ameolewa kule. Nikamsikia anaita kutoka ndani ya mkeka.

"Mama! Kwa ajili ya herufi moja?"

"Nyamaza, Namsifu, watu wanasikia."

"Watu gani, mama? Umebakiza watu?"

Nikatoa Moshi haraka haraka nisimsikie. Nikatoa na Same, ambako ndiko kliniki yangu ya presha.

Nilipogeuka sipo tena darasani. Nimesimama kwenye shimo jipya la Zefania, lile la ubavuni mwa nyumba, chini ya ukuta wa chumba chake. Udongo mwekundu mbichi. Sururu yake imeketi kwenye ngazi, inasugua magoti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Nafupika," sururu ikasema. "Mimi ni wa tatu. Wa kwanza alifia kwenye migomba, wa pili kwenye kahawa. Unatuletea chakula kila siku, Bibi, tunashukuru. Siku moja ungetuletea na neno."

Nikajifanya natafuta leso.

Ndipo ukuta wa shimo ukakohoa, akatoka mzungu mwenye kofia, na sanduku begani. Akaniamkia kwa Kipare safi kabisa.

"Umejifunza wapi Kipare?" nikamuuliza.

"Sijawahi kuwa kwingine," akasema. "Mimi si Mjerumani wa Ujerumani, mama. Mimi ni Mjerumani wa Kiranjeni. Nimezaliwa siku ile uliyojibu swali la mama mkwe wako. Tangu hapo nimebeba hiki kitu, sijaambiwa nikitue wapi. Kila akikaribia kunifikia, nasogezwa. Bega limekwisha."

"Ndani mna nini?"

"Mimi naulizwa? Wewe ndiye uliyefunga."

Akalitua, akafungua. Zilijaa sahani zangu za bati, zile zenye ua, moja juu ya nyingine, na kila sahani ina makande. Yalikuwa ya moto, yanatoa mvuke. Miaka thelathini na moja ya makande niliyompelekea Zefania shimoni. Watu walidhani ni huruma. Yeye mwenyewe alidhani ni imani. Alikuwa akipokea sahani kwa mikono miwili ananiambia, "Shemeji, wengine wananiita kichaa. Wewe peke yako hujanicheka." Nami nilikuwa nikimjibu, "Kula, yatapoa."

Nikataka kufunika sanduku, mfuniko haushuki. Makande yakawa yanaongezeka.

Inasemekana akainama kwenye ukingo wa shimo, koti linapepea. "Kitendawili, Bibi."

"Tega," nikasema, safari hii kwa sauti ndogo.

Hakurudia. Alisema tu, "Nipe mji," na mimi sikuwa na mji.

"Umebakiwa na Kiranjeni."

"Kiranjeni si mji. Ni kijiji."

"Nitaupokea hivyo hivyo."

Wale wa ovaroli wanaanzia juu, kanisani. Kanisa linakunjwa, kengele inalia mara moja inanyamaza. Inakunjwa shule. Linakunjwa kaburi la mume wangu na maua yake ya makopo, nami nasimama natazama, bado nimefunga mdomo. Nawaambia ukweli wangu mbaya: hata hapo nilikuwa nahesabu kama wataweza kufika nilipo kabla sijaamka.

Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Zefania akatoka. Alikuwa kijana wa siku ile ya matuta, hana mvi hata moja, mgongo umenyooka. Akashuka ngazi, akampita Mjerumani kama mtu anavyompita jirani, akaja mbele yangu. Mkononi ana nyundo kubwa ya kuvunjia ukuta.

"Shemeji," akasema, "wewe umesoma. Hii ni herufi gani?"

"Ni N," nikasema.

Ovaroli zikasimama. Mjerumani akavua kofia.

"Mbona haifanani na N?"

"Imegeuzwa. Inatakiwa hivi." Nikachomeka kidole kwenye ukuta wa shimo, kwenye udongo ule mbichi, nikaandika kwa kukandamiza. Nilipomaliza tukatazama wote.

"Umeigeuza tena," jiwe likasema.

"Ni N ya nani?" Zefania akauliza.

Inasemekana alishaanza kuvua koti kwa furaha, mkono mmoja umetoka. Nikafungua mdomo. Nikaamka.

Jua lilishatoka, na mbuzi wa jirani wanalia. Nikakaa kitandani nikijiambia, Nakijwa, ni ndoto, shukuru. Nikataka kufunga kitenge, ndipo nikaona kidole changu cha shahada. Udongo mwekundu umejaa chini ya ukucha, mpaka kwenye pingili ya kwanza. Nikaugusa. Ulikuwa na majimaji.

Huku hatujaona mvua tangu Pasaka. Udongo wa namna ile uko chini kabisa, pale alipofika Zefania peke yake.

Sikunawa. Sikupika chai. Nilikwenda na kandambili zisizofanana, nikasikia sauti yake kabla sijafika kwenye ua. Alikuwa anaita. Ni miaka mingi sijamsikia mzee yule akiita kwa furaha namna ile.

"Shemeji! Shemeji, njoo! Wewe ndiye wa kwanza kuona!"

Nikachungulia shimoni. Zefania amepiga magoti, mvi zake zimejaa vumbi, nyundo iko kando imeegemea ukuta wa chumba. Mbele yake, kwenye udongo mbichi, ipo herufi ndefu kama mkono, imegeuka. Alikuwa anaizungushia kiganja bila kuigusa, kama mtu anayeota moto.

"Ameandika tena," akaniambia, na macho yake yalikuwa na machozi. "Mjerumani mwenyewe. Usiku huu huu, shemeji, bado mbichi! Nilijua nimemkaribia. Ngoja nivunje huu ukuta." Akanyoosha mkono kuchukua nyundo.

"Zefania," nikasema, "iache nyundo."

"Kwa nini?"

Nikashuka ngazi, moja moja. Nikafika chini. Nikaweka kidole changu kwenye herufi, kwenye mfereji wake, na kikaingia sawasawa kama kilivyotoka.

Akakitazama kidole. Akanitazama mimi.

"Shemeji," nikasema, "huyo Mjerumani ni mimi."