Chachu Iliyopigwa Baridi Mungaa

Upepo wa Julai wa Singida, jamani, ukikukuta juu ya bodaboda bila koti, unafika umekakamaa kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa. Ndivyo walivyofika Mungaa wageni milioni tatu siku ile. Winfrida, mtaalamu wa maji, alikuwa amewabeba ndani ya kidude kidogo kama mbegu ya alizeti: chembe hai za hamira, zimekalishwa juu ya nyaya nyembamba kiasi kwamba unywele ukiwekwa kando yake ni gogo.

"Shikamoo, Bibi. Chembe hizi zikipata maji mazuri zinapumua, umeme kidogo unapita, na mstari unapanda kwenye simu hii. Zikionja sumu, mstari unalala," Winfrida alimweleza Bibi Luciana.

"Marahaba. Mbona umelala na maji hujaweka?"

Bibi Luciana akageukia kisima chake, kilichoshukiwa kuwa na sumu. Kisima alikichimba yeye na marehemu mumewe, na pombe yake ya mtama haikuwa na maji mengine. Majibu yasipopatikana leo, kinafungwa.

"Zimekufa," akasema Leonidas, mwenyekiti wa kijiji. "Tufunge, tukanywe chai."

"Zimekufa wapi! Miaka arobaini napika pombe, chachu iliyolala kwa baridi siijui?" Akakinyakua kidude, akakidondoshea tone la maji ya kimea, akakifutika tumboni kwenye mikunjo ya khanga. "Na mtu asigombane hapa. Chachu ikisikia ugomvi inanuna."

Leonidas, ambaye hajanyamaza tangu abatizwe, akanyamaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hata mbuzi wakaacha kulia.

Mstari ukashtuka. Ukapanda, ukapanda, ukapotelea juu ya kioo, na wapo wanaoapa kwamba simu yenyewe ilitaka kumponyoka Winfrida ipae.

"Bibi, umezilewesha!" Winfrida alicheka hadi akakaa chini. "Lakini hiyo ni raha ya kimea tu. Lazima nisuuze kwanza, ndipo niweke maji yako."

Akasuuza. Akaweka. Mstari ukashuka kidole kimoja. Viwili. Luciana akashika ukingo wa kisima. Ukasimama. Ukatikisika. Kisha ukaanza kupanda taratibu, kama mlevi mzoefu aliyeonja akaridhika.

"Maji safi, Bibi. Hayana sumu."

Leonidas akafungua mdomo atangaze kwa niaba ya kijiji, lakini Luciana alishatupa ndoo, na kigelegele chake kikaitangulia kufika majini.