Nondo Wanne Wasio na Matumbo

Mzee Lokosang hakuwa na hadubini. Hakuwa na pini za kubania wadudu, wala kabati la kioo, wala spiriti. Hakuwa na cheti zaidi ya kile cha shule ya jioni, wala mtu pale mtaani Kator, Juba, wa kuzungumza naye habari za nondo bila kuchekwa. Alikuwa na nondo wanne ndani ya kopo la maziwa, na ramani aliyotumiwa na makumbusho moja ya Nairobi.

Katika ramani hiyo nondo mmoja adimu, ambaye Mzee aliamini ndiye wake, alikuwa na nukta kumi na moja za mahali alipowahi kuonekana: Kongo, Uganda, moja Kenya. Upande wa Sudan Kusini palikuwa peupe. Mzee alitaka nukta ya kumi na mbili iwe Juba. Alikuwa amewaandikia watu wa makumbusho kurasa tatu kwa lugha safi: mwili mnene uliochongoka kama risasi, mabawa membamba ya rangi ya majivu, ulimi uliojikunja ambao ukinyooshwa hufika sentimita kumi na moja. Wote wanne aliwaokota asubuhi chini ya taa za uwanja wa ndege, ambako alikuwa mfagiaji tangu mwaka uliofuata mkataba wa amani.

Jibu lilifika Jumanne. Alilisoma akiwa amesimama dukani kwa Fred, Mganda muuza sabuni na betri.

"Wanasema nini, Mzee?"

"Wanaomba ncha ya tumbo."

Wapo nondo wa aina mbili, barua ilieleza, wanaofanana mabawa na ulimi, na aina moja ni ya kawaida kabisa. Hutofautishwa kwa viungo vya uzazi tu, vilivyo mwishoni mwa tumbo.

Mzee akaketi juu ya kreti ya soda. Alikuwa mtu wa mtoni. Tangu utotoni alijua kwamba kinachokaushwa hutolewa tumbo kwanza, la sivyo kitaoza. Ndivyo baba yake alivyokausha samaki, na ndivyo yeye alivyowakausha nondo wake, kwa wembe mpya na mkono usiotetemeka. Matumbo yaliliwa na kuku.

"Kamata ingine," Fred akasema.

"Wapi? Miti waliyotagia ilikuwa New Site. Imekatwa yote, sasa ni viwanja. Mwaka mzima sijaona hata mmoja."

"Basi malesh, si neno. Chukua tumbo ya ile ya kawaida, gundisha. Kwani mzungu atajua?"

"Si mzungu. Ni mama wa Kisumu, na atajua."

"Na kama hatajua?"

"Mimi nitajua, Fred."

"Mzee, wewe iko na kichwa ngumu. Ndiyo maana unafagia."

"Fred, mdomo wako!" akafoka mkewe, Daphine, aliyekuwa akifunga mzigo wa safari ya Nairobi.

Mzee alitoa kalamu yake mfukoni, akaandika barua juu ya meza ya duka:

"Mheshimiwa Mama, matumbo hayapo. Niliyakata mwenyewe kwa kutojua. Siwezi kuapa kwamba nondo wangu ndiye huyo. Tafadhali, Juba isitiwe nukta."

Aliisoma mara mbili, akasahihisha herufi moja, akaikunja. Akalamba gundi ya bahasha, akaibonyeza kwa ngumi hadi ikashika, akamkabidhi Daphine. Saa nane mchana ndege ya Nairobi ilipaa, barua ikiwa ndani ya mkoba wa Daphine.