Upande wa Ndani wa Kaunta

Kama yupo mtu aliyelipenda jengo la posta ya zamani kuliko Mama Muhuri, mtu huyo bado hajazaliwa. Na ni yeye huyo huyo ambaye nusura aliangamize kwa mikono yake miwili, tena kwa nia njema kabisa.

Posta ilishafungwa kitambo. Mama Muhuri, aliyekuwa karani wa dirisha la kwanza kwa miaka kumi na tisa, alibaki na ufunguo wa mlango wa nyuma kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya. Sasa halmashauri ya mji ilitaka kulivunja jengo ipate maegesho ya magari. Magari yenyewe ya mji ule ni ya kuhesabu kwa vidole, lakini nani atabishana na halmashauri? Tumaini lilibaki moja. Siku ya Alhamisi angekuja afisa wa majengo ya kale, na kama angeandika kwamba jengo lina thamani ya urithi, hakuna ambaye angethubutu kuligusa.

Mama Muhuri akasema mgeni hapokelewi na vumbi. Akamwita mdogo wake, fundi rangi, mtu ambaye akishika brashi hata paka wa nyumbani hujificha asije akapakwa. Wakajifunga vibwebwe siku nne. Kaunta, iliyolika pale watu walipozoea kuegemeza viwiko, ikapigwa msasa hadi ikanyooka. Rafu ya kupangia barua, yenye vijumba tisini, ikapakwa rangi ya mafuta ya kijani, mikono miwili, tabaka juu ya tabaka. Namba za masanduku ya barua zilizofifia zikaandikwa upya kwa rangi nyeupe. Jumatano jioni Mama Muhuri alisimama mlangoni, kiuno kikimuuma, akaona kazi imekubali.

Alhamisi saa tatu asubuhi afisa akafika. Alikuwa binti mdogo tu, wa umri wa kumzaa, na mkoba mgongoni na ubao wa kuandikia mkononi. Akaamkia vizuri, akaingia, akanusa.

"Mama, mmepaka rangi lini?"

"Jana ndiyo tumemaliza," Mama Muhuri akajibu, anatabasamu. "Usijali mwanangu, harufu itaisha."

Afisa hakutabasamu. Akapitisha kiganja juu ya kaunta, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Na hapa palikuwa pamenyooka hivi hivi?"

"Wapi! Palikuwa pamebonyea huku na huku. Watu walikuwa wanaegemea wakingoja zamu zao. Tumepiga msasa siku nzima mpaka mikono imekufa ganzi."

"Aa, mama," afisa akasema kwa upole. "Huko kubonyea ndiko kulikonileta."

Akamweleza bila kumficha. Posta za ramani ile ile zilikuwa zimejengwa katika miji mingi, na matofali na bati si ajabu kwa mtu. Kinacholipa jengo kama lile thamani ni alama za watu waliolitumia, na alama hizo sasa zilikuwa vumbi la msasa.

Akaweka ubao wake juu ya kaunta, akaandika kwa penseli. Sasa, karani wa dirisha ana ufundi mmoja ambao hakufundishwa na mtu: anasoma maandishi yaliyogeuka kichwa chini. Fomu za wateja zote huzisoma kutoka upande wa pili, asubuhi mpaka jioni, hadi macho yanazoea. Mama Muhuri akasoma bila kutaka: *Thamani ya urithi: ndogo.*

Alikuwa amejipalia makaa mwenyewe, tena kwa gharama ya kiuno chake. Alitaka kulia, akaona aibu kulia mbele ya mtoto wa watu. Hapo macho yake yakashuka upande wa ndani wa kaunta, pale magoti ya karani yanapokaa, kwenye plaiwudi aliyoipigilia mwenyewe miaka mingi iliyopita. Hakuwahi kumwambia mtu kilichokuwa nyuma yake, hata mdogo wake. Lakini mficha uchi hazai.

"Mwanangu, usiandike kwa wino kwanza," akasema. "Nina kosa langu nataka kukuonyesha. Ila tafadhali, lisifike makao makuu."

Akamwita fundi rangi, aliyekuwa nje akiosha brashi zake. "Lete tindo. Ng'oa hii."

"Dada, nimeipaka juzi tu!"

"Nimesema ng'oa."

Plaiwudi ikatoka ikilalamika, misumari na yote. Nyuma yake mbao zilikuwa hazijaguswa na brashi wala msasa. Kutoka mwanzo wa kaunta hadi mwisho wake zilijaa mihuri: duara, jina la posta, tarehe, duara, jina la posta, tarehe, mstari chini ya mstari, kama daftari la mwanafunzi mwenye bidii.

"Kila asubuhi tulikuwa tunabadilisha tarehe ya muhuri," Mama Muhuri akaeleza, haangalii mtu. "Lazima uujaribu kwenye karatasi kabla hujafungua dirisha. Karatasi zilikuwa za shida, basi mimi nikawa nagonga hapa. Siku tuliposikia mkaguzi anakuja, nikaziba. Niliogopa wataniambia nimeharibu mali ya posta, nifukuzwe kazi."

Afisa alikuwa ameshapiga magoti. Alifuata mistari kwa kidole bila kuigusa.

"Hapa miezi mitatu yote imegongwa mshazari."

"Hapo nilikwenda kujifungua. Aliyenishikia zamu alikuwa na papara."

"Kwa hiyo hizi nyingine zote, miaka yote hii, aligonga nani?"

Swali lile Mama Muhuri alikuwa amelikimbia nusu ya maisha yake.

"Mimi," akasema.

Afisa akainuka, magoti yamejaa vumbi. Akatafuta kifutio mkobani, akafuta, akapuliza, akaandika tena, safari hii kwa wino. Fundi rangi akasogea, akachungulia begani kwake.

"Dada, basi hapo chini nipapige mkono mmoja wa vanishi, pang'ae?"

"Usithubutu!" wanawake wawili wakasema kwa pamoja.

Afisa akacheka, akaugeuza ubao ili mama wa watu asome vizuri. Mama Muhuri alikuwa anafuta macho kwa upande wa khanga, anacheka na yeye, anashusha pumzi aliyoibana tangu siku ile ya mkaguzi.

"Usihangaike kugeuza, mwanangu," akasema. "Umeandika *Lisivunjwe*. Nimeshasoma."