Maoni Namba Kumi na Saba

Siku masomo yalipohamishiwa mtandaoni, mkuu wa kitengo cha uandishi aliwaahidi wasahihishaji wake tisa kwamba hakuna atakayepoteza kazi. Aliahidi kwa moyo mweupe, na ubaya wote ulianzia hapo, maana mwongo angejichunga.

Insha zilimiminika. Wanafunzi elfu mbili, wasahihishaji tisa, macho yamewavimba kwa kukodolea kompyuta. Ndipo mkuu akapata wazo, akajiona mjanja: kwa nini watu waandike pembeni mwa insha maneno yaleyale kila siku? Wayakusanye kwenye faili moja, wayape namba. Insha ikikosa ushahidi, unachukua maoni namba nane, unabandika, unasonga mbele.

Wanane walileta ya kwao bila kuuliza. Wa tisa, Mama Pacha, alisita. Huyu ndiye aliyempokea mkuu chuoni miaka kumi na tisa nyuma, akamfundisha kushika kalamu nyekundu bila kumuumiza mtoto wa mtu.

"Mdogo wangu," alisema, "nikishakupa maneno yangu yote, mimi nibaki na nini?"

"Dada nawe! Maneno yanaisha? Nakupunguzia mzigo tu."

Mama Pacha akacheka, akayaleta, mia moja na sitini peke yake. Namba kumi na saba ilijulikana chuo kizima. Mwanafunzi akijificha nyuma ya "jamii inasema" au "wakubwa wameona", Mama Pacha humwuliza pembeni mwa insha: "Nani hasa? Mtaje."

Naibu mkuu wa chuo alilipenda faili lile, tena alilipenda mno. Muhula uliofuata alimwita mkuu wa kitengo, akampa kiti, akampa chai, akamvika kilemba cha ukoka kwa ubunifu wake. Kuanzia sasa kompyuta ingesoma insha na kuchagua maoni yenyewe. Wasahihishaji wawili wangetosha kuiangalia.

"Na hao saba?"

"Utawaandikia wewe. Si ndiyo kazi yako, kuandika?"

Angeweza kukataa. Wapo wanaokataa. Yeye aliimaliza chai, akashukuru, akatoka. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Mama Pacha hakuwa hodari wa mitambo, kwa hiyo jina lake likawa la kwanza kwenye orodha. Mkuu aliandika barua, akafuta, akaandika tena, akapaka asali kila mstari: uongozi umeona, mazingira yamelazimu, mchango wako hautasahaulika. Kumpigia simu alishindwa. Aliituma saa nne asubuhi, akajifungia ofisini, akaona haya hata kumtazama mfagizi dirishani.

Kabla ya saa sita barua ikarudi. Mama Pacha alikuwa ameichapa, ameandika juu yake kwa mkono, kisha akaipiga picha. Hapakuwa na tusi wala kilio. Alikuwa ameisahihisha.

Penye "mazingira yamelazimu" aliandika: "Namba nane. Ushahidi uko wapi?" Penye "hautasahaulika": "Namba thelathini. Usiahidi usichoweza kutimiza." Penye "uongozi umeona" alizungushia wino mwekundu, na hapo hakutaja namba. Aliandika maneno yenyewe tu: "Nani hasa? Mtaje."

Mkuu alishuka na macho hadi chini ya ukurasa. Palikuwa na jina lake mwenyewe na sahihi yake, na kando yake Mama Pacha alikuwa ameweka alama ya vema.